Kriketi, unahodha na mambo ya kazini: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kila nikialikwa skulini, au nikikaa barazani jioni na kikombe changu cha kahawa, maswali ni yale yale, midomo tu ndiyo inayobadilika. Nimeona niyaandike pamoja na majibu yake, anayetaka asome kwa nafasi yake, nami nipumzike kurudia. Sikuyapanga. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananigusa, mengine kwa mstari mmoja kwa sababu hayataki zaidi.

Wewe mwenyewe uliwahi kulipwa kwa kucheza?

Nauli ya boti na sahani ya biriani, ndiyo. Mshahara, hapana. Kwa miaka saba hivi nilikuwa navuka kwenda Dar es Salaam kila mwisho wa wiki kucheza ligi, mara Gymkhana, mara Annadil Burhani, na Jumatatu asubuhi niko kazini Unguja, magoti yanauma. Kwa hiyo ninaposimulia maisha ya wachezaji wa kulipwa, nasimulia watu niliowafuatilia kwa redio, kisha televisheni, sasa simu, zaidi ya nusu ya umri wangu. Yangu nitayataja pale nilipoharibu. Siku hizi ni mkuu wa stoo katika hoteli moja hapa mjini, na baada ya alasiri nafundisha vijana. Wananiita Ami.

Kwa nini mafunzo ya uongozi uyatafute kwenye kriketi? Si tuna mpira wa miguu, kila mtu anaujua?

Mpira naupenda. Kombe la Mapinduzi likianza nakwenda Amaan kama mwenzangu yeyote. Lakini mtazame nahodha wa mpira: ana kitambaa mkononi, anachagua upande wa shilingi, anamlalamikia refa. Anayeamua ni kocha, yule aliyesimama mstarini na sauti imemkauka.

Kriketi ikianza, kocha anakaa nje na chombo kinabaki kwa nahodha. Yeye ndiye anayesema nani arushe ova hii na nani aifuate, mlinzi yupi asogee hatua tano kushoto, nani aletwe karibu na mpigaji ili amtie wasiwasi, nani arudishwe mpakani. Ova ni mipira sita. Ikimalizika, anaamua upya. Kwenye mechi ya ova 50 anafanya hivyo mara 50, juani, na huku naye ana sehemu yake ya kulinda na zamu yake ya kupiga inamsubiri. Kwenye mechi ndefu, ile iitwayo tesiti, kazi hiyo inaweza kuchukua siku tano.

Na sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa neno nahodha. Mwenye kupanda jahazi anajua kwamba nahodha hashiki kila kamba. Anakaa nyuma, macho yako kwenye maji ya mbele, na upepo ukigeuka hapigi mayowe. Anasema neno moja, foromali inazungushwa. Mabaharia wakimwona yeye ndiye anayekimbia huku na huku kushika kamba, ndipo wanapoanza kusoma dua.

Kwani kocha hana kazi?

Anayo, kabla ya mchezo na baada yake.

Ni uamuzi gani wa nahodha unaopenda kuusimulia?

Johannesburg, Septemba 2007, fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia la ova 20, India na Pakistan. Imebaki ova moja. Pakistan wanataka mikimbio 13 (mikimbio ndiyo alama za mchezo huu), wamebakiwa na wiketi moja, yaani mpigaji mmoja zaidi akitolewa wamekwisha, lakini aliyeshika gongo (la kupigia, si lile la kunywa) ni Misbah-ul-Haq, na siku ile alikuwa hashikiki. Nahodha wa India, Mahendra Singh Dhoni, alikuwa bado na Harbhajan Singh, mrushaji mwenye jina na uzoefu. Akampa mpira Joginder Sharma, kijana ambaye wengi tuliokuwa tukitazama tulikuwa tukiuliza ni nani.

Mpira wa kwanza ukaenda pembeni: mkimbio mmoja wa bure kwa Pakistan, na mpira wenyewe hauhesabiwi. Uliofuata haukuguswa. Uliofuata huo Misbah akaurusha juu ya mpaka, mikimbio 6. Sasa zinatakiwa 6 tu na mipira bado minne. Mpira uliofuata Misbah akataka kuuchota uende nyuma yake, ukapaa, Sreesanth akaudaka. India wakashinda kwa mikimbio 5.

Wengi wanasimulia kisa hiki kama kisa cha bahati, au cha ujasiri. Mimi kinachonikalia moyoni ni kanuni ya mchezo. Ukishampa mtu ova, huwezi kumnyang'anya katikati kwa sababu amepigwa. Labda aumie au mwamuzi amsimamishe. Umempa, umempa. Baada ya ile mikimbio 6 Dhoni hakuwa na njia ya kujuta. Alichobaki nacho ni kupanga walinzi wake vizuri ili kijana wake asaidike. Nikiangalia ofisi zetu, mkuu anampa mtu kazi asubuhi, saa nne ameshaichukua nusu, adhuhuri ameimaliza mwenyewe, jioni analalamika kwamba hana watu.

Dhoni huyu, miaka michache tu kabla ya hapo, alikuwa akikagua tiketi za abiria kwenye stesheni ya treni ya Kharagpur. Nalitaja kwa ajili ya vijana wa bandarini wanaokata tiketi za boti na kudhani wameshafika mwisho.

Mchezaji bora si ndiye afanywe nahodha?

Mara nyingi hapana. Sachin Tendulkar, ambaye huko India wanakaribia kumwabudu, aliongoza mechi za tesiti 25 na kushinda 4. Akauacha unahodha na kurudi kwenye kazi yake ya kupiga, na nchi nzima ikapumua.

Upande wa pili kuna Mike Brearley wa Uingereza. Kama mpigaji alikuwa wa kawaida kabisa, hajawahi kufikisha mikimbio 100 kwenye tesiti hata mara moja. Lakini aliongoza mechi 31, akashinda 18 na kupoteza 4. Mwaka 1981 Uingereza walikuwa taabani mbele ya Australia. Nahodha alikuwa Ian Botham, nyota wao, na unahodha ulikuwa umemkaba hata gongo limesahau kazi. Akajiuzulu, Brearley akarudishwa. Mechi iliyofuata, Headingley, Leeds, Uingereza waliachwa nyuma sana hadi wakalazimishwa kupiga tena papo hapo. Botham, sasa hana mzigo, akapiga mikimbio 149 bila kutolewa. Kisha Bob Willis akaangusha wiketi 8, na Uingereza wakashinda kwa mikimbio 18 mechi ambayo watu walishaizika.

Brearley alipoacha kucheza akawa mtaalamu wa kutibu nafsi za watu kwa mazungumzo. Sishangai. Kazi yenyewe alishaianza uwanjani.

Nimeona mara mbili katika maisha yangu mpishi hodari anafanywa mkuu wa jiko kwa kuwa tu anapika vizuri. Tukampoteza mpishi, tukapata bosi anayelia.

Unasema kriketi inafundisha kushindwa. Mpira haufundishi?

Unafundisha, lakini unakusamehe haraka. Umekosa bao dakika ya kumi, dakika ya kumi na moja mpira unakurudia. Mpigaji wa kriketi akikosea mara moja, basi, katoka. Watoto kwenye nage wangesema amekufa. Anavua pedi, anakaa kwenye benchi, na pengine ni saa nne asubuhi na mchezo ni mpaka magharibi. Siku nzima anawatazama wenzake wakijaribu kuziba pengo aliloliacha yeye.

Na hakuna aliye mkubwa asikumbwe na hilo. Don Bradman wa Australia ndiye mpigaji mwenye wastani mkubwa kuliko wote katika historia ya tesiti, 99.94. Mwaka 1948, kwenye uwanja wa Oval, London, aliingia kupiga kwa mara ya mwisho akihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake ufike 100 kamili. Eric Hollies akamtoa kwa mpira wa pili. Sifuri.

Mimi nadhani mtu anajulikana pale benchini. Nitasimulia la kwangu.

Nilikuwa na miaka 22. Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa mzee wa timu, anakaribia hamsini, mwenye duka la vipuri Kariakoo, mtu aliyekuwa akija uwanjani na chupa yake ya chai na akicheza na suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Kwenye kriketi wapigaji wawili wanabadilishana ncha za ule ukanda wa katikati, mita 20 na kidogo, na mmoja wao ndiye anayeita. Nikapiga mpira kushoto nikaita: njoo! Akaja. Nikamwona mlinzi ameshauokota. Nikaita: ngoja! Halafu nikanyamaza. Ulimi ulikauka. Mzee yuko katikati, anaangalia mdomo wangu, mdomo hausemi. Alipoamua kugeuka mwenyewe akateleza kwenye majani makavu, na mkono wake ulikuwa shubiri moja tu kutoka mstarini vijiti vilivyosimikwa pale vilipoangushwa kwa mpira. Katoka.

Akainuka. Akakung'uta vumbi kwenye goti la suruali yake. Alipopita karibu yangu akasema, "Cheza. Usiniangalie mimi." Mipira miwili baadaye nami nikatoka, maana nilikuwa nikimwangalia yeye.

Nikaenda kujificha nyuma ya tangi la maji. Nadhani nilikaa saa nzima, nikijifanya nafunga kamba za raba. Mzee akanifuata, mkono mmoja kikombe cha chai, mkono mwingine daftari la mikimbio na penseli iliyochongwa kwa kisu. "Umemaliza?" akaniuliza. "Anayeandika anakwenda kupiga. Njoo uandike." Nikaandika mpaka jua linakuchwa. Kila mpira, nukta au namba. Ukiandika daftari huwezi kujihurumia. Ukipitiwa kwa mpira mmoja tu, hesabu ya timu nzima imeharibika. Pale juu, kwenye mstari wa jina lake, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu namna alivyotolewa.

Hakunitaja kwa mtu. Sijui kama yeye mwenyewe aliliona kuwa funzo, pengine kweli alihitaji mtu wa kuandika.

Hayo maneno matatu unayoyafundisha ni yapi?

Ndiyo hayo: njoo, rudi, ngoja. Yasemwe mapema, kwa sauti, na likishasemwa moja lisiachwe njiani. Stooni kwangu jiko likiagiza kitu, jibu ni moja kati ya hayo matatu: kipo, hakipo, kinakuja saa fulani. Kunyamaza ndiko kunakowaua watu katikati ya njia. Ile "njoo kesho" ya kwenye madirisha ya ofisi, ambayo kila mwenye kufuatilia karatasi anaijua, siihesabu kuwa ngoja. Ile ni kunyamaza kwa maneno.

Nimekwama kazini. Ninajitahidi zaidi na zaidi na mambo hayaendi. Wachezaji wakubwa hufanyaje?

Wengine hufanya kidogo zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2003 Tendulkar alikuwa Australia na hapigi kitu. Pigo lake alilolipenda kuliko yote, lile la kuusukuma mpira mbele upande wa kulia kwake, ndilo lililokuwa likimtoa. Mechi ya Sydney, Januari 2004, akaamua halitumii. Kwa zaidi ya saa kumi, warushaji wakimtupia mipira ya kumtamanisha palepale, akaiacha ipite, mmoja baada ya mwingine. Alimaliza na mikimbio 241 bila kutolewa.

Siwezi kukwambia pigo lako ni lipi. La kwangu lilikuwa kujibu kila barua ya malalamiko siku hiyo hiyo, kwa ufasaha mwingi na hasira nyingi. Nimeacha.

Vipi kuhusu wachezaji wanaodanganya? Huwafundishi watoto mchezo wa matapeli?

Swali la haki. Hansie Cronje, nahodha wa Afrika Kusini aliyeaminiwa hata na watoto, mwaka 2000 alikiri kupokea fedha kutoka kwa watu wa kamari, akafungiwa maisha. Maurice Odumbe wa Kenya, aliyeiongoza timu yake kuwaangusha West Indies mwaka 1996, alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa kuhusiana na watu wa namna hiyo. Odumbe aliniumiza zaidi. Cronje nilikuwa nikimstahi kwa mbali, Odumbe nilimhesabu wetu.

Lakini kisa kinachowahusu zaidi viongozi ni cha Cape Town, Machi 2018. Cameron Bancroft wa Australia alinaswa na kamera akiusugua mpira kwa kipande cha msasa ili upinde hewani. Aliyekuwa nyuma ya mpango ni naibu nahodha, David Warner. Nahodha, Steve Smith, hakushika msasa wala hakuupanga mpango. Alijua kuna kitu kinapikwa na akaacha kipikwe. Smith akafungiwa kucheza muda ule ule wa Warner, miezi 12 nje. Bancroft, aliyeushika msasa wenyewe, miezi 9.

Nilipozisoma adhabu zile nilifunga simu. Stooni kwangu wakati huo kulikuwa na kijana hodari, mtoto wa jirani, na karatasi zake za samaki zilikuwa zikisema kilo mbili zaidi ya mizani. Nilikuwa nimeshaona. Nilikuwa nimejiambia nitazungumza naye wiki ijayo, na wiki ijayo ilikuwa imeshapita mara mbili. Siku iliyofuata nilimwita, nikaanza kwa kumwambia kwamba kosa la wiki mbili zile ni langu. Alilipa kidogo kidogo. Mama yake hanisalimii mpaka leo.

Upande wa pili wa mizani kuna Courtney Walsh. Lahore, Oktoba 1987, Kombe la Dunia. Mpira wa mwisho, Pakistan wanataka mikimbio 2, wamebakiwa na wiketi moja. Walsh wa West Indies anakimbia kuja kurusha, anamwona Saleem Jaffar, mpigaji wa Pakistan aliyesimama ncha ile ya mrushaji, ameshachomoka nje ya mstari. Sheria ilimpa ruhusa ya kuangusha vijiti na kumaliza kazi. Akasimama, akamwacha arudi. Abdul Qadir akapiga zile 2, Pakistan wakashinda, na West Indies hawakufika nusu fainali.

Vijana wangu hugombana kila ninapowasimulia. Nusu wanasema shujaa, nusu wanasema mjinga aliyewaponza wenziwe. Tangu 2022 sheria imehamishwa: kumtoa mtu namna ile hakuwekwi tena katika fungu la mchezo usio wa haki. Mimi bado niko upande wa Walsh, lakini sitaki wanifuate kwa kuwa ni Ami.

Mchezo huu unaenda na dini yetu? Mechi siku nzima, swala je, Ramadhani je?

Wazee wa skuli hulianza swali hili kabla ya salamu. Mchezo una mapumziko ya chakula na ya chai, na mahesabu ya swala hayana taabu. Ramadhani sisi hufanya mazoezi mepesi saa ya mwisho kabla ya futari, kurusha na kudaka tu.

Kwa wakubwa, mfano wangu ni Hashim Amla wa Afrika Kusini. Timu yao ilikuwa na mdhamini wa bia na nembo yake ilikuwa kifuani kwa kila mchezaji. Amla aliomba asiivae, akakubaliwa, akacheza miaka yote bila nembo ile. Mwaka 2012, Oval, alikuwa mchezaji wa kwanza wa Afrika Kusini kufikisha mikimbio 300 kwenye tesiti, 311 bila kutolewa. Ninachopenda ni namna alivyolifanya jambo lake: kwa upole, bila kuwahutubia wenzake wala kuwafanya wajione wabaya. Kuna watu wetu wakikataa jambo moja la haramu, mtaa mzima haulali.

Mwanangu kila mechi anawekwa mchezaji wa 12. Nimtoe?

Mama Fulani (unajijua), usimtoe. Mchezaji wa 12 hubeba maji, glovu na salamu za nahodha. Bradman niliyemtaja, baada ya tesiti yake ya kwanza kabisa mwaka 1928 aliachwa, akawa wa 12 kwenye ya pili. Na Dhoni, akiwa ameshatwaa Kombe la Dunia mara mbili kama nahodha na ameshauacha unahodha, mwaka 2018 kwenye mechi dhidi ya Ireland alipumzishwa, akavaa fulana ya akiba na kuwabebea wenzake begi la vinywaji. Kijana wako ana bahati kwamba anapita huko mapema. Ila akikaa wa 12 mechi sita mfululizo, njoo unigombeze, kosa litakuwa langu.

Mwafrika anaweza kufika mbali kweli, au ni mchezo wa Wahindi na Wazungu?

Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza, palikuwa na timu ya Afrika Mashariki, iliyokusanywa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha Harilal Shah. Walipoteza mechi zote tatu. Mwaka 2003 Kenya chini ya Steve Tikolo waliwafunga Sri Lanka kwa mikimbio 53 hapo Nairobi, Collins Obuya akiangusha wiketi 5, na wakaenda mpaka nusu fainali. Hakuna timu isiyo na hadhi ya kucheza tesiti iliyokuwa imewahi kufika pale. Kweli, New Zealand walikataa kwenda Nairobi na Kenya wakapewa pointi za bure, hilo lisifichwe. Lakini Sri Lanka walikuja, wakapigwa.

Baada ya hapo Kenya wakaporomoka, na Kombe la Dunia la ova 50 hawajalicheza tangu 2011. Kila mmoja ana sababu yake. Mimi naona nyota walizeeka pamoja na chini yao hapakuwa na watoto wa kutosha. Ndiyo maana nilifurahi kuliko ilivyostahili vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walipofuzu Kombe la Dunia la 2026, mara ya kwanza.

Na yuko Temba Bavuma, mtoto wa Langa, Cape Town, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa kudumu wa Afrika Kusini. Kimo chake kinapita kidogo tu mita 1.6, na alichekwa kwa kimo, kwa rangi, kwa kila kitu. Juni 2025, fainali ya ubingwa wa tesiti, uwanja wa Lord's, London, wanawakimbiza Australia, lengo mikimbio 282. Bavuma akaumia msuli wa paja mapema. Wangeweza kumtoa. Alibaki, akachechemea kila mkimbio, akafikisha 66, huku Aiden Markram upande wa pili akienda mpaka 136. Afrika Kusini walikuwa hawajachukua kombe kubwa la dunia tangu 1998. Wakalichukua.

Tazama picha za siku ile uone anavyokimbia. Hasemi neno na timu nzima inasikia.

Hivi wachezaji hao hawana huzuni? Wana fedha zote zile.

Fedha wanazo. Mwaka 2024 Rishabh Pant alinunuliwa kwenye mnada wa ligi ya India kwa rupia milioni 270. Na bado Marcus Trescothick wa Uingereza, mpigaji mzuri sana, mwaka 2006 aliondoka katikati ya ziara ya India, na mwisho wa mwaka akaondoka tena Australia, kwa maradhi ya huzuni na wasiwasi. Akasema hadharani kinachomsumbua, wakati ambapo wachezaji hawakuwa wakisema. Mwaka 2021 Ben Stokes naye alipumzika kwa ajili ya afya yake ya akili, na mwaka uliofuata akafanywa nahodha wa tesiti.

Huku kwetu mtu akiwa hivyo tunasema ana shetani, au anajidekeza. Asomewe, sina neno. Na apelekwe hospitali pia.

Wasichana je?

Waje. Abtaha Maqsood anaichezea Scotland akiwa na hijabu yake na anawachanganya wapigaji kwa mipira ya kuzunguka. Wa kwetu ninao wanane, na wawili kati yao wanadaka kuliko mvulana yeyote niliye naye. Hao walilelewa na nage.

Kriketi iliwahi kuwepo Zanzibar, au umeileta wewe?

Ingekuwa mimi ningejisifu zaidi. Enzi za Waingereza ilichezwa Mnazi Mmoja, na jamii za Wahindi na Wagoa zilikuwa na klabu zao. Baada ya 1964 wengi wao waliondoka, na mchezo ukaondoka nao kwa kiasi kikubwa. Wazee wachache bado wanakumbuka nguo nyeupe. Mvua za masika zikijaza uwanja ule maji, ndipo unapoelewa kwa nini kila fundi wa kriketi huanza kwa kuiangalia ardhi kabla ya kuwaangalia watu.

Nikitaka kuanza, nije na nini?

Raba na chupa ya maji. Mpira wa ngozi (gramu 156 hadi 163, na unauma) hatuugusi mpaka mwezi wa tatu wa mafunzo. Tunaanza na mpira wa tenisi uliozungushiwa gundi ya karatasi upande mmoja. Magongo yapo sita, moja limepasuka. Ukifika mapema utamkuta mtu anafagia mawe kwenye ukanda kwa ufagio wa chelewa, na daftari na penseli ameviweka chini ya mti. Huyo ndiye nahodha wa wiki hii. Msalimie, atakwambia ukae wapi.